UZI: Kababu za maharage, kunde na mboga bila nyama, yai wala maziwa: vipimo na namna ya kuzifanya zishike

JikoLaNyika (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Swali la kababu za mimea tupu linarudi kila Kwaresma na kila mfungo, na majibu huja vipande vipande. Huyu anasema ongeza unga, yule anasema tia yai moja tu, wakati aliyeuliza hali mayai. Bora tuwe na uzi mmoja wenye vipimo, ili mtu akikwama ajue kilichomkwamisha.

Kinachoharibu kababu hizi karibu kila mara ni maji: yale ya kuchemshia yaliyobaki ndani ya maharage, ya kitunguu, ya karoti, ya kabichi. Mchanganyiko ukilowa mtu anakimbilia unga. Unga ukizidi, kababu inashika kweli, lakini inakuwa nzito na ladha ya maharage inapotea. Toa maji kwanza, unga uje mwisho na uwe kidogo.

La pili, ujue mkunde wako unaandaliwaje. Kunde, choroko (ndengu kwa ndugu wa Kenya) na dengu nzima huloweshwa na kusagwa mbichi, halafu zikaivie kwenye mafuta. Wanga wake bado haujaiva, kwa hiyo ukipata moto unavimba na kuganda, ukawa ndio gundi. Hapo huhitaji unga kabisa. Maharage, mbaazi na njugu mawe sisi tunazichemsha kwanza. Wanga wake umeshaganda sufuriani, hauna nguvu tena ya kuunganisha, kwa hiyo lazima uongeze gundi nyingine.

Usichanganye njia hizi mbili. Dengu zilizochemshwa ukizifinyanga na kuzitumbukiza kwenye mafuta mengi bila kitu cha kuzishika zitatawanyika zote. Na maharage usisage mabichi kwa hali yoyote, hasa yale mekundu. Yana lektini, sumu ya asili inayoleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha kumwangusha mtu. Loweka angalau saa 5, mwaga hayo maji, weka mapya, kisha yachemke kwa nguvu dakika 30 kabla ya kupunguza moto na kuendelea mpaka yaive. Moto wa chini tangu mwanzo hauiui hiyo sumu.

KABABU ZA MAHARAGE (zinatoka 11)

Kikombe changu ni cha mililita 250, kijiko cha chakula 15, kijiko cha chai 5.

- Maharage makavu gramu 250 (kikombe kimoja na robo)
- Kitunguu maji kikubwa 1, kama gramu 150
- Karoti 2 za wastani, kama gramu 150
- Kitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande cha sm 3
- Bizari nzima (uzile) kijiko 1 cha chai, giligilani kavu kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko
- Kotimiri fungu dogo
- Pilipili mbichi upendavyo
- Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai
- Unga wa dengu vijiko 4 vya chakula
- Mafuta ya kukaangia

Loweka maharage usiku kucha, yachemshe kama nilivyoeleza mpaka punje ikibanwa kwa vidole viwili isambaratike bila kiini kigumu. Yasipitilize hadi kuwa uji. Usitie chumvi wala nyanya wakati huu, maana tindikali ya nyanya inayachelewesha kulainika.

Mwaga maji yote. Acha kwenye chujio dakika 10, kisha yatandaze kwenye sinia pana yakiwa bado moto, nusu saa, yatoe mvuke. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka. Ganda la harage linatakiwa lionekane limefifia, halina mng'ao wa maji. Utakuwa na kama gramu 550 hadi 600.

Wakati yanakauka, kaanga kitunguu kilichokatwa vidogo kwa kijiko kimoja cha mafuta, dakika 8 moto wa wastani, mpaka kipungue na kuanza kubadilika rangi. Tia saumu, tangawizi na viungo vikavu dakika moja ya mwisho. Karoti zikune kwenye matundu madogo, zikamue kwa kitambaa safi, uone maji yanayotoka.

Ponda maharage kwa mwiko au mchi. Theluthi mbili ziwe laini kabisa, theluthi moja ibaki vipande. Sehemu laini inashika, vipande vinatoa utafunaji. Changanya vyote, unga wa dengu mwisho, kisha weka kwenye friji nusu saa. Unga unanywa unyevu taratibu. Mchanganyiko ulioonekana laini mwanzoni utakaza bila kuongeza kitu.

Pima gramu 80, donge la ukubwa wa ndimu kubwa. Lifinye kwa nguvu kiganjani kwanza, ndipo ulibapishe liwe nene sm 1.5. Pembeni pakionyesha nyufa, zizibe kwa kidole kilicholoweshwa maji, maana ufa wa pembeni ndio unaofunguka kikaangoni.

Mafuta yafunike chini ya kikaango kwa kina cha milimita 3 au 4. Moto wa wastani, dakika 4 kila upande. Usiguse kabla ya dakika 4. Kababu ikikataa kubanduka bado haijafanya ganda, ipe muda itajiachia yenyewe.

Njia ya kunde naiacha kwa watu wa pwani, wanaijua zaidi.

---

MwanaWaPwani

Nimeitwa, nimeitika. Kunde nusu kilo.

Kama sokoni kwenu kuna kunde zilizoparazwa, chukua hizo, kazi imeshafanyika. Kama hakuna, loweka kunde nzima nusu saa hadi saa moja, zitwange kidogo kinuni kwa kupapasa tu, punje zipasuke mara mbili na ganda lilegee. Mimina kwenye beseni la maji, sugua kwa viganja, maganda yataelea. Yamwage kwa juu, rudia maji mapya mpaka kunde zibaki nyeupe. Maganda machache yakibaki si neno. Yakibaki mengi, bajia inakuwa nyeusi na ina ukakasi.

Baada ya hapo loweka saa 5 au 6. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa usipitilize saa 8 bila kubadili maji. Ukiona povu juu na harufu ya uchachu, zimeshaanza kuchacha.

Zichuje vizuri kabisa. Saga na thomu punje 5, tangawizi kidogo na pilipili mbichi. Kwenye kinu au mashine ya kusagia nyama huhitaji maji. Kwenye blenda tia kijiko kimoja kimoja cha maji, yasizidi vinne, na usage kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko blenda ikiwa imezimwa. Unachotafuta ni chenga ndogo kama suji zilizoshikana. Zikibaki chenga kubwa bajia inamong'onyoka. Zikiwa rojo ya kumiminika, huna tena bajia.

Kisha amua. Ukitaka bajia za mviringo, laini ndani, piga mchanganyiko kwa mkono upande mmoja dakika 5 hadi uwe mwepesi. Tone dogo ukilidondosha kwenye bilauri ya maji lielee. Likizama, endelea kupiga. Ukitaka za bapa za kuweka kwenye mkate, usipige sana.

Kitunguu kilichokatwa vidogo (1 kikubwa), kotimiri, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai na hamira ya unga (baking powder) nusu kijiko cha chai vinaingia dakika ya mwisho, mafuta yakiwa tayari jikoni. Kitunguu na chumvi vikikaa humo nusu saa, vitatoa maji na mchanganyiko wote utalegea.

Zile bapa zisizidi gramu 50 na unene wa sm 1. Hapa ni tofauti na maharage ya mwenzangu, kwa sababu kunde ni mbichi na lazima moto ufike katikati. Mafuta mengi ya kuzamisha, nyuzi 170 hadi 180, dakika 5 au 6, geuza mara moja. Ukiikata katikati uone rangi moja mpaka ndani. Ukiona duara lenye unyevu na harufu ya ubichi, punguza unene, usiongeze moto.

---

Mgeni_Jikoni

Asanteni sana wakuu. Nina maswali matatu. Moja, asiye na kipimajoto anajuaje nyuzi 175? Mbili, kababu zikigawanyika katikati wakati wa kugeuza tatizo ni lipi hasa? Tatu, unga wa dengu usipopatikana natumia nini?

---

BibiKinu

Mwanangu, la mafuta ni jepesi. Chukua mpini mkavu wa mwiko wa mti, uchovye kwenye mafuta. Vipovu vidogo vikizunguka mti mfululizo, tayari. Visipotoka, bado. Vikirukaruka kwa fujo au mafuta yakitoa moshi, epua kidogo yapoe. Au dondosha kibonge kidogo cha mchanganyiko, kizame kisha kipande juu ndani ya sekunde chache. Kikikaa chini kimetulia, mafuta ni ya baridi na bajia zako zitakunywa mafuta. Na usijaze karai. Ukitia bajia kumi kwa mpigo mafuta yanapoa ghafla, unarudi kule kule.

Kwenye jiko la mkaa huwezi kuzungusha kitufe, kwa hiyo ukitaka kupunguza moto sogeza makaa pembeni, au funika sehemu yake kwa jivu. Kababu za kikaango zinataka makaa yaliyokolea yasiyo na ndimi za moto.

---

JikoLaNyika

Shikamoo Bibi, nashukuru kwa hilo la jivu.

Mgeni, la kugawanyika, angalia ilivyogawanyika, itakuambia yenyewe.

Ikipasuka vipande vikubwa na ndani pakavu, maharage hayakupondwa vya kutosha au yalikauka mno. Rudisha bakulini, ponda zaidi, ongeza maji kijiko kimoja, finyanga upya.

Ikibomoka kama tope na kuacha uji kikaangoni, maji yamezidi. Ongeza unga wa dengu kijiko kimoja, subiri dakika 10, kaanga moja tu ya majaribio. Bado? Kijiko kingine. Usivuke vijiko 7 kwa kipimo kile cha gramu 250. Zaidi ya hapo tandaza mchanganyiko wote kwenye kikaango kipana kikavu, moto mdogo, ugeuzegeuze dakika 5 mvuke utoke.

Ganda likibaki kikaangoni na kababu ikanyanyuka bila ganda, uligeuza mapema, au kikaango hakikupata moto kabla ya mafuta. Sufuria nyembamba ya aluminiamu ina tabia hiyo zaidi. Kikaango kizito cha chuma kipate moto dakika 3 kikavu, mafuta yafuate, yapate moto, ndipo kababu.

Ikishika vizuri lakini ikavunjika kwenye mkate, iliwahiwa. Ikitoka motoni iache dakika 5 kwenye waya au karatasi. Wanga unakaza ukipoa kidogo.

Kuhusu unga, kwa vijiko 4 vya dengu unaweza kuweka:

- Unga wa muhogo vijiko 2 na nusu. Unashika kuliko yote, ila ukizidi kababu inavutika kama mpira.
- Kiazi mviringo kimoja (gramu 120) kilichochemshwa na ganda, kikapoa kabisa, kisha kikapondwa. Kiazi cha moto kinanata na kutoa maji.
- Chenga za mkate vijiko 6. Soma pakiti, mikate mingi ina maziwa au siagi.
- Oti zilizosagwa vijiko 5.
- Unga wa sembe sikushauri peke yake. Hauivi kwa dakika nane za kikaango, utausikia mchanga mdomoni.

Mbegu za kitani au chia nazo zinasaidia: kijiko 1 cha chakula cha mbegu zilizosagwa kwa vijiko 3 vya maji, subiri dakika 10 mpaka uwe ute, kisha changanya. Ufuta ni mtamu lakini hautoi ute, usiutegemee kushika.

---

MwanaWaPwani

Naongeza moja hapo. Chicha la nazi, lile linalobaki ukishakamua tui, watu wanalitupa. Likaange kavu mpaka liwe la kahawia hafifu, tia vijiko 4 vya chakula kwenye mchanganyiko wa maharage au mbaazi. Linakunywa maji na halina uzito wa unga. Kwa mbaazi linakubali kuliko chochote.

---

Ndengu_na_Chapo

Niko Nairobi. Watu huuliza ndengu kwa hizi kababu kama zinachemshwa au la. Zote mbili zinawezekana lakini si kitu kimoja.

Mbichi: loweka saa 6 hadi 8, saga na ganda lake, haina haja ya kumenya. Zinakuwa za kijani ndani, nyepesi. Fuata maelezo ya kunde hapo juu neno kwa neno.

Kuchemsha: ndengu huiva haraka, dakika 30 hadi 40 bila kuloweka, na hapo ndipo zinapoharibika. Zikivuka kidogo zinakuwa uji, na uji wa ndengu hauwezi kukaushwa ukarudi. Zitoe zikiwa zimeiva lakini punje bado imekaa umbo lake. Hata hivyo ongeza kiazi. Ndengu peke yake iliyochemshwa ni ngumu kuishikisha.

Kamande, zile adesi za kahawia, zinafanya kazi kama maharage: chemsha dakika 25, mwaga maji, tandaza. Adesi nyekundu zilizokobolewa zinayeyuka kabisa, kwa hiyo zitumie kama gundi kwenye kababu ya mboga. Kikombe nusu kikichemshwa na kikombe kimoja cha maji mpaka yakauke, ukipoa unapata rojo nzito inayoshika karoti, mahindi na njegere bila unga mwingi.

Ukitumia maharagwe ya mkebe: mkebe wa gramu 400 ukichujwa unabaki na kama gramu 240. Mikebe miwili na nusu ndiyo inafikia kipimo cha mwanzisha uzi. Suuza vizuri na upunguze chumvi, maana maji yake yana chumvi tayari. Kisha yakaushe kwenye oveni nyuzi 150 dakika 15.

---

Mama_Kantini

Habari zenu. Mboga zipi zinakubali na zipi zinasumbua? Na nikitaka kupika za kilo moja ya maharage ni kuzidisha tu mara nne?

---

JikoLaNyika

Karibu dada. Nianze na mboga, ina mambo mengi.

Kanuni yangu: mboga zikishakamuliwa zisizidi nusu ya uzito wa maharage yaliyoiva. Kwa gramu 600 za maharage, mboga gramu 250 hadi 300. Zaidi ya hapo unapika kababu ya mboga iliyochanganywa na maharage, na inataka gundi nyingine.

Karoti ni rahisi kuliko zote. Kabichi ikate nyembamba sana, kwa kila gramu 300 nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai, subiri dakika 20, kamua kwa kitambaa mpaka mkono uchoke. Chumvi nyingine itatoka na maji lakini si yote, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza. Mchicha uchovye kwenye maji yanayochemka dakika moja, hamishia maji baridi, kamua uwe bonge, ndipo ukatekate. Fungu kubwa litakuwa ngumi moja, usishangae. Uyoga lazima ukaangwe mpaka maji yake yatoke, yakauke, na uanze kushika rangi. Pilipili hoho iwe kidogo sana na itolewe mbegu na utando mweupe. Mahindi mabichi yaliyochemshwa na njegere hayana shida ya maji, ila ponda nusu yake, punje nzima nyingi zinakata kababu.

Bitiruti iliyokunwa na kukaangwa inatoa rangi nzuri nyekundu, gramu 80 zinatosha.

Biringanya, maboga na nyanya mbichi naziepuka. Biringanya la kuchoma linaingia likikamuliwa, lakini ni kazi kubwa kwa faida ndogo.

Kisamvu: kitwangwe na kuchemshwa mpaka kiive barabara kwanza, halafu kikamuliwe. Majani mabichi ya muhogo yanatoa sumu ya sayanaidi, na dakika chache za kikaango haziiondoi.

Kuhusu kilo moja, chumvi, maharage, mboga na viungo vikavu zidisha mara nne, utapata kababu 44. Pilipili na tangawizi zidisha mara tatu, onja. Unga anza na mara tatu (vijiko 12), pumzisha, kaanga moja ya majaribio, ongeza ukihitaji. Kinachobadilika zaidi ni kukausha. Maharage yaliyotoka kwenye kilo moja hayakauki kwenye sinia moja, yanarundikana na ya chini yanabaki yamelowa. Tumia masinia matatu au manne, safu moja tu ya punje. Vitunguu navyo vikaange kwa mafungu mawili, vikijaa sufuria vinachemka badala ya kukaangika.

---

Fundi_Tanuri

Kwa dada wa kantini, ukiwa na oveni okoa mafuta na muda. Paka sinia mafuta, panga kababu, zipake mafuta juu kwa brashi. Nyuzi 200, dakika 15, geuza, dakika 10 nyingine. Oveni inakausha, kwa hiyo kwenye mchanganyiko ongeza mafuta kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 250 za maharage makavu. Kikaangio cha hewa ni nyuzi 190, dakika 14 hadi 16, geuza katikati.

Hii ni kwa zile za kuchemshwa tu. Za kunde mbichi kwenye oveni zinakauka juu kabla ya kuiva ndani na zinapasuka kama udongo. Hizo zipe mafuta.

Anayetaka ganda linalokwaruza meno bila yai: koroga unga wa ngano vijiko 4 na maji vijiko 6 na chumvi kidogo, uwe mzito kama uji mwepesi. Chovya kababu iliyotoka kwenye friji, ichuruzike, viringisha kwenye suji au chenga za mkate, bonyeza kwa kiganja zishike. Rudisha friji dakika 15 kabla ya kukaanga, vinginevyo ganda litabaki kwenye mafuta.

---

Lishe_Kwanza

Uzi mzuri. Niongeze ya lishe kwa ufupi.

Mikunde mingi mikavu ina protini gramu 20 hadi 25 kwa kila gramu 100, soya inafika karibu 36. Kababu moja ya kipimo cha mwanzisha uzi ina takriban gramu 6. Protini yake ina lisini nyingi na methionini kidogo (vijenzi viwili vya protini), na nafaka ni kinyume chake, kwa hiyo kuila na mkate, chapati au wali kwenye siku hiyo kunakamilisha.

Madini ya chuma ya mimea yanafyonzwa taratibu. Kachumbari yenye ndimu pembeni inasaidia sana, na chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula inazuia. Chai inywe baadaye, saa moja au zaidi.

Vitamini B12 haimo kwenye mikunde wala mboga hizi. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama kwa muda mrefu aipate kwenye vyakula vilivyoongezewa au vidonge, hasa mjamzito na mama anayenyonyesha.

Gesi tumboni: sukari zinazoileta zinatoka kwa sehemu kwenye maji ya kulowekea. Yamwage, chemsha kwa maji mapya. Anayetia magadi ili maharage yaive upesi atie robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, asizidishe. Magadi yanaharibu baadhi ya vitamini B, na yakizidi kababu ina ladha ya sabuni.

---

Mama_Kantini

Asante mkuu, asante Fundi. Maharage mengine hayaivi hata yakichemka saa tatu. Hayo nayafanyaje?

---

BibiKinu

Hayo ni ya zamani mama, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu. Yakifika hapo hayarudi kuwa kama mapya. Loweka saa 12 na magadi kidogo sana, suuza, chemsha, na yasipolainika usiyalazimishe kwenye kababu, yatabaki chenga na hayatashika. Yapeleke kwenye makande.

Ukinunua, kata harage moja kwa meno. Jipya linakatika, la zamani linagongana na jino. Na rangi yake imekoza kuliko ilivyo desturi ya aina hiyo.

---

Ndengu_na_Chapo

Kwa watakaoziweka kwenye skonzi wakijua mlaji hali yai wala maziwa: mayonezi ya dukani kwa kawaida ina mayai, na skonzi nyingi zina maziwa au siagi, uliza muuzaji. Chatne ya ukwaju inafaa zaidi, au ya nazi: nazi iliyokunwa kikombe 1, kotimiri, pilipili mbichi 1, ndimu, chumvi, maji vijiko 4, saga. Na mafuta yaliyokaangia samaki jana usiyatumie.

---

Mgeni_Jikoni

Swali la mwisho kwa leo. Zinawekwaje, na zilizoganda zinapikwaje?

---

JikoLaNyika

Za maharage zilizokaangwa, friji siku 3. Zisizokaangwa zigandishe kwanza zikiwa zimepangwa kwenye sinia bila kugusana, saa 3 au 4, ndipo uziweke kwenye mfuko huku ukitenganisha kwa karatasi. Ukizirundika mbichi zitashikana bonge moja. Miezi 2 hadi 3 ziko sawa.

Usiziyeyushe. Zikiyeyuka zinatoa maji na zinalegea. Zitoe moja kwa moja hadi kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo kuliko kawaida, funika dakika 5, geuza, funua, dakika 5 nyingine, kisha ongeza moto nusu dakika kila upande kwa ajili ya ganda.

Mchanganyiko wa kunde mbichi ni mwingine: tumia siku hiyo hiyo, au friji usiku mmoja tu bila kitunguu, chumvi wala hamira. Kugandisha, kaanga kwanza nusu, dakika 3 kwenye mafuta, zipoe, ndipo zigande. Siku ya kula zimalizie kwenye mafuta ya moto dakika 4.